Ramani ya uchaguzi wa Marekani: rangi ipewe kazi moja tu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nasanifu michoro ya habari hapa Mombasa. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2024 nilitengeneza ramani ya matokeo kwa kaunti, nyekundu kwa Trump na bluu kwa Harris. Ilitoka nyekundu karibu yote. Wasomaji wakaniuliza imekuwaje aliyeshindwa akapata kura milioni 75 wakati ramani inaonyesha hana kitu. Mwingine akaniambia yeye haoni rangi sawasawa, na zile ngazi zangu tisa za nyekundu hazimwambii lolote. Nataka kujipanga vizuri kabla ya uchaguzi wa Bunge wa Novemba 2026. Nitumie rangi zipi, na nizipange vipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Rangi nitakutajia, tena kwa namba zake. Lakini malalamiko ya wale wasomaji wa kwanza hayakusababishwa na rangi. Hata ungepata nyekundu na bluu nzuri kuliko zote, ramani ile ingewaambia jambo lilelile, kwa sababu uliitwika rangi kazi mbili kwa mpigo: kusema nani ameshinda mahali fulani, na kusema amepata kura nyingi kiasi gani nchi nzima. Ya kwanza inaiweza. Ya pili haiiwezi, maana wingi wa nyekundu kwenye karatasi hutokana na upana wa ardhi, na watu hawakutawanyika sawasawa juu ya ardhi hiyo.

Tazama hesabu. Mwaka 2024 Trump alipata kura milioni 77.3 na Harris milioni 75. Tofauti yao ni kama asilimia moja na nusu ya kura zote. Wakati huohuo, kati ya kaunti zaidi ya 3,100 za nchi ile, Trump alishinda zaidi ya 2,500. Hesabu zote mbili ni za kweli. Msomaji wa Kenya anaposikia kaunti hufikiria zile 47 za kwao. Marekani neno hilo linabeba vitu visivyolingana hata kidogo: Texas peke yake ina kaunti 254, Georgia ina 159, Arizona ina 15. Kaunti ya Loving, huko Texas, ina kilomita za mraba zaidi ya 1,700, na sensa ya 2020 iliwakuta humo watu 64. Manhattan, sehemu ya katikati ya jiji la New York, nayo ni kaunti kamili; ina watu karibu milioni 1.7 waliobanana kwenye kilomita za mraba 59. Ukizipaka rangi zote mbili kwenye ramani ya nchi nzima, Loving inaonekana na Manhattan haionekani.

Kosa hili linaumiza pande zote mbili, jambo ambalo watu wengi hawalioni. Kaunti ya Los Angeles ina watu milioni 10. Mwaka 2020 Biden alipata huko kura milioni 3 hivi, kwa hiyo ungeipaka bluu tupu, na ndani ya bluu hiyo ungekuwa umewafuta watu zaidi ya milioni 1.1 waliompigia Trump. Jimbo zima la California lilimpa Trump kura milioni 6 mwaka ule, nyingi kuliko alizopata Texas. Anayeitazama ramani ya rangi mbili hawezi kulikisia hilo hata akiikodolea macho siku nzima. Kwangu mimi hili si suala la urembo wa kazi. Ramani ya namna hiyo inamfundisha mtu kwamba majirani zake wote wana fikra moja, na hilo si kweli popote nchini Marekani.

Kwa hiyo kabla hujafungua programu yoyote, andika kwenye karatasi swali moja ambalo ramani yako italijibu. Ukiona una maswali mawili, tengeneza ramani mbili.

Swali la kwanza ambalo wasomaji wetu huwa nalo ni nani anaingia Ikulu. Hilo hujibiwa na majimbo. Kaunti hazina kazi hapo, na uzito wa jimbo ni idadi ya wajumbe wake wa uchaguzi, yaani wale wanaompigia rais kura kwa niaba ya jimbo. Wajumbe ni 538, na anayefikisha 270 ameshinda. California ina wajumbe 54, Texas 40, Florida 30. Wyoming, Alaska na Vermont wana watatu watatu. Sasa linganisha Montana na New Jersey. Montana ni kubwa mara 17 hivi, lakini ina wajumbe 4 na New Jersey ina 14. Ramani ya kawaida, hata ikiwa na rangi sahihi kabisa, inampa msomaji uwiano ulio kinyume na ukweli.

Dawa yake ni ramani ya vigae. Kila mjumbe awe kigae kimoja chenye pembe sita, vigae vyote vilingane, na vya jimbo moja vikae pamoja karibu na mahali jimbo lilipo. Vigae 538, rangi mbili. Anayevihesabu atapata 312 kwa Trump na 226 kwa Harris, na hivyo ndivyo uchaguzi ulivyoamuliwa. Wasanifu wa Marekani huwa na wasiwasi na ramani hii kwa kuwa inavuruga maumbo ya majimbo ambayo wasomaji wao wameyazoea tangu shule ya msingi. Wewe huna wasiwasi huo. Msomaji wako wa Mombasa, Morogoro au Bukavu hana umbo la Montana kichwani, kwa hiyo hapotezi chochote likigeuka vigae vinne, na anapata uwiano wa kweli. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri zile ramani zinazovimbisha na kuminya majimbo kwa hesabu, kama zile maarufu ambazo Michael Gastner na Mark Newman wa Chuo Kikuu cha Michigan walizitoa kwa uchaguzi wa 2004. Ni kazi nzuri ya kisayansi. Shida ni kwamba ili uone kuwa kitu kimevimba, lazima uwe unakijua kabla hakijavimba.

Kwenye vigae usiwasahau Maine na Nebraska. Majimbo mengine 48 pamoja na Washington DC humpa mshindi wajumbe wote. Haya mawili humpa mshindi wa jimbo wajumbe wawili, kisha mjumbe mmoja kwa kila wilaya ya Bunge, yaani eneo linalochagua mbunge mmoja. Mwaka 2020 na 2024 yote mawili yaligawanyika: wilaya ya pili ya Maine ilikwenda kwa Trump, na wilaya ya pili ya Nebraska, ile yenye mji wa Omaha, ikaenda kwa Democratic, chama cha Biden na Harris. Kwa vigae hilo halina taabu. Kigae kimoja kinapata rangi yake. Kwenye ramani ya kawaida watu hulipiga jimbo zima mistari ya mshazari, na msomaji anabaki akijiuliza kama kuna kesi mahakamani. Washington DC yenyewe ina watu wengi kuliko Wyoming na ina wajumbe watatu, lakini ni kilomita za mraba 177 tu, kwa hiyo ramani nyingi huiacha, na jumla haifiki 538.

Swali la pili ni wapiga kura wa kila upande wanaishi wapi. Hapa ndipo kaunti zinafaa, ila ardhi yenyewe iache na rangi moja hafifu, kama ya mchanga, kisha juu ya kila kaunti weka mduara. Rangi ya mduara iseme nani ameshinda, ukubwa wake useme watu wangapi. Mbelgiji mmoja, Karim Douïeb, aliionyesha tofauti hii mwaka 2019 kwa ramani inayocheza: kaunti nyekundu za 2016 zinajikunja taratibu kuwa miduara, na nchi iliyokuwa imefunikwa rangi inabaki na nafasi kubwa tupu katikati. Wakati wa kuchora miduara angalia jambo moja: idadi ya watu ilingane na eneo la mduara. Ukiilinganisha na kipenyo, kaunti yenye watu mara mbili itaonekana kubwa mara nne, na Los Angeles itameza pwani yote ya magharibi. Amua pia mapema kama mduara unapima kura zote zilizopigwa au tofauti kati ya mshindi na mpinzani wake, kisha uandike hivyo kwenye ufunguo wa ramani. Ni picha mbili tofauti kabisa.

Swali la tatu ni nini kimebadilika tangu uchaguzi uliopita, na hapa nyekundu na bluu za kujaza zina hatari kubwa. Ukilinganisha 2024 na 2020, majimbo yote 50 yalisogea upande wa Trump. Ukiupaka rangi msogeo huo, California inakuwa nyekundu, ilhali Harris aliishinda kwa asilimia 20. Tumia mishale. Mshale unaoinama kulia kwa Republican, chama cha Trump, kushoto kwa Democratic, mrefu zaidi pale msogeo ulipokuwa mkubwa. Mshale hauwezi kudhaniwa kuwa ni ushindi.

Sasa rangi zenyewe. Republican ni nyekundu na Democratic ni bluu, na usijaribu ubunifu hapo. Desturi hii si ya zamani kama watu wanavyofikiri. Kwenye atlasi ya takwimu iliyotolewa na wachapishaji Scribner mwaka 1883, ramani ya kura za 1880 ilikuwa kinyume: Republican bluu, Democratic nyekundu. Mwaka 1980 kituo cha NBC kilimwonyesha Reagan, aliyekuwa Republican, kwa bluu. Vituo vya televisheni viliendelea kila kimoja na lake hadi uchaguzi wa 2000, pale Bush na Gore walipogombania Florida kwa wiki tano, na nchi nzima ikaishi na ramani hizohizo kila jioni hadi rangi zikaganda. Msomaji anayefuata siasa za Uingereza, ambako nyekundu ni ya Labour, anaweza kuchanganyikiwa, kwa hiyo andika jina la chama karibu na rangi yake kila mara. Na ukichora uchaguzi wa 1976 au 1980 kwa kulinganisha, tumia rangi za leo kwa miaka yote na useme hivyo kwa sentensi moja chini ya ramani.

Kosa linalofuata ni la uzito. Wasanifu wengi huchukua nyekundu kali inayowaka na bluu nzito ya usiku. Jicho hukimbilia nyekundu, bluu inarudi nyuma kama kivuli, na upande mmoja unaonekana kushangilia. Nyekundu na bluu zako ziwe na giza linalolingana. Ili kupima, ondoa rangi zote kwenye picha ibaki kijivu: nyekundu iliyokolea na bluu iliyokolea zitoke kijivu kinachokaribiana. Kama moja ni nyeusi na nyingine ni ya majivu, rekebisha.

Huna haja ya kuzitafuta kwa kubahatisha. Cynthia Brewer, mchoraji ramani wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, aliandaa ColorBrewer, mkusanyo wa rangi za ramani unaopatikana bure, na ndani yake mna mpangilio wa nyekundu na bluu wa ngazi sita ambao mimi huuanzia karibu kila mara. Namba zake za kuandika kwenye kompyuta ni hizi. Upande wa nyekundu, kutoka iliyokolea hadi hafifu: #b2182b, #ef8a62, #fddbc7. Upande wa bluu, kutoka hafifu hadi iliyokolea: #d1e5f0, #67a9cf, #2166ac. Ngazi tatu kila upande, na katikati hamna rangi ya tatu. Hilo la katikati ni la makusudi. Kwenye uchaguzi wa Marekani mtu hushinda hata kwa kura chache. Georgia ya 2020 ilikwenda kwa Biden kwa kura 11,779 na Arizona kwa 10,457. Ukiweka nyeupe katikati kumaanisha “karibu sare”, umezificha sehemu zilizoamua uchaguzi, na msomaji atadhani hazina takwimu.

Ukolevu wa rangi upime tofauti ya asilimia kati ya wa kwanza na wa pili. Bila ukolevu, Arizona ya 2020 na Vermont, ambako Biden alishinda kwa asilimia 35, zinapata bluu moja. Kwa majimbo mimi hugawa hivi: chini ya 5, kutoka 5 hadi 20, na zaidi ya 20. Kwa kaunti mipaka hiyo ni midogo mno, kwa sababu kaunti nyingi za mashambani hupita tofauti ya asilimia 40 au 50, na zote zingeangukia ngazi ya mwisho. Panua iwe chini ya 10, 10 hadi 40, na zaidi ya 40. Mipaka yoyote utakayochagua, iwe ileile pande zote mbili, tena ileile mwaka hadi mwaka. Programu nyingi zina kitufe cha kupanga ngazi zenyewe kufuatana na takwimu zilizomo. Kwa ramani za uchaguzi kitufe hicho kiache, kwa sababu 2020 na 2024 zitapewa mipaka tofauti na ulinganisho wako wote utakuwa hauna maana.

Kuhusu ngazi zako tisa: msomaji huitazama rangi kwenye ramani, anaibeba kichwani hadi kwenye ufunguo, na huko anaitafuta ndugu yake. Ngazi tatu atazipata. Nne, pengine. Tisa hawezi, na si kwa sababu ya macho yake. Rangi hubadilika kufuatana na majirani zake, kaunti hafifu iliyozungukwa na zilizokolea huonekana nyeupe kabisa. Ndiyo maana siipendi pia ile ramani ya zambarau, inayochanganya nyekundu na bluu kwa kadiri ya kura. Robert Vanderbei wa Princeton aliifanya ijulikane baada ya uchaguzi wa 2000, na ujumbe wake ni wa kweli na wa heshima: hakuna jimbo lililo la chama kimoja. Ila kama chombo cha kusomea matokeo haifai. Zambarau ya 52 kwa 48 na zambarau ya 48 kwa 52 hakuna jicho linalozitofautisha, na hapo ndipo mshindi anapopatikana.

Yule msomaji asiyeona rangi sawasawa si mtu wa nadra. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, wapatao 8 kwa 100 wana upungufu wa kuona nyekundu na kijani, na wanawake chini ya mmoja kwa 100. Bahati nzuri nyekundu dhidi ya bluu ni jozi inayoonekana na karibu wote. Wenye taabu ni wale ambao nyekundu iliyokolea sana huiona kama nyeusi, ndiyo maana nyekundu inayoelekea machungwa kidogo inawafaa kuliko ya damu ya mzee. Usitumie kijani kwa maeneo ambayo bado hayajahesabiwa. Kijani karibu na nyekundu ndiyo jozi mbaya kuliko zote kwao. Halafu kuna jambo ambalo hakuna rangi inayoweza kulitatua: ramani yenye pande mbili za rangi, ikitolewa fotokopi, pande zote mbili hugeuka kijivu kimoja. Ngazi zinabaki, upande unapotea. Kwa hiyo majimbo makubwa yaandikwe jina la mshindi au herufi moja juu yake. Gazeti likichapwa bila rangi, kazi yako bado itasomeka.

Mgombea wa tatu ni nadra lakini akija huvuruga kila kitu. Mwaka 1968 George Wallace alishinda majimbo matano ya kusini. Huyo anahitaji rangi yake kamili, na manjano iliyokolea hutosha. Kigumu zaidi ni kama Utah ya 2016. Evan McMullin, mgombea binafsi, alipata zaidi ya kura moja kati ya tano, Trump akashinda bila kufika nusu, lakini tofauti yake na Clinton ilikuwa asilimia 18. Ukolevu unasema ushindi mzuri, hali watu wengi walimpigia mtu mwingine. Hapo andika maneno. Sentensi moja yenye mshale kuelekea Utah inafanya kazi ambayo rangi haiwezi.

Mistari ya mipaka ni jambo dogo linaloharibu ramani nyingi za kaunti. Georgia ina kaunti 159 ndogondogo. Ukiweka mstari mweupe kuzunguka kila moja, nusu ya rangi ya jimbo inaliwa na mistari na Georgia inaonekana imepauka kuliko Arizona, ambayo kaunti zake 15 ni kubwa. Ondoa kabisa mipaka ya kaunti, acha ya majimbo tu, myembamba na myeupe. Tumia pia projeksheni, yaani namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa, inayolinda ukubwa wa maeneo. Ya Albers ndiyo ya kawaida kwa Marekani. Ile ya Mercator ya ramani za intaneti inaivimbisha Alaska kupita kiasi. Alaska na Hawaii ziweke kwenye visanduku pembeni na useme hazina kipimo kimoja na nyingine. Na vifupisho vya herufi mbili usivitegemee. Majimbo manane yanaanza na M, na hakuna sababu msomaji wetu ajue kwamba MI ni Michigan, MN ni Minnesota na MO ni Missouri. Andika majina kamili kwenye majimbo unayoyazungumzia, mengine yaache. Yale madogo ya kaskazini mashariki, kuanzia Vermont hadi Delaware, majina yake yakae baharini kwa mistari mifupi.

Kwenye takwimu, kuna mtego mmoja unaowapata karibu wote. Kila kaunti ina namba ya utambulisho ya tarakimu tano, na majimbo saba, kuanzia Alabama hadi Connecticut, namba zake huanza na sifuri. Excel huifuta sifuri hiyo bila kukuuliza. Matokeo yake California, Arizona na wenzao hawaungani na faili la mipaka, lile lenye maumbo ya kaunti, na ramani inatoka na mashimo. Ifanye safu hiyo kuwa maandishi kabla hujafungua faili. Kaunti ya Shannon huko South Dakota ilibadilishwa jina na namba mwaka 2015 ikawa Oglala Lakota, kwa hiyo nayo hupotea ukichanganya faili za miaka tofauti. Alaska haina kaunti na hutoa matokeo kwa wilaya za bunge lake la jimbo. Ioneshe kama jimbo zima.

Usiku wa matokeo una sheria zake, na kwetu saa zina uzito wa pekee. Mwezi Novemba sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya New York kwa saa nane. Vituo vingi vya kupigia kura vya mashariki hufungwa saa tisa au saa kumi alfajiri yetu, na California hufunga saa moja asubuhi. Maana yake mtu anayeshika simu saa kumi na mbili asubuhi anaiona nchi ambayo nusu yake haijahesabiwa na sehemu bado inapiga kura. Mwaka 2020 Pennsylvania ilizuiwa na sheria yake kuanza kushughulikia kura za posta kabla ya siku ya uchaguzi, kwa hiyo zilihesabiwa mwishoni. Trump aliongoza huko kwa kura zaidi ya laki tano, kisha Biden akashinda kwa elfu 80 hivi, na mshindi akatangazwa Jumamosi. Aliyelipaka jimbo hilo nyekundu kamili asubuhi ya Jumatano alipanda mbegu ya uvumi bila kukusudia. Anayeongoza asipewe rangi ya aliyeshinda. Wakati wa kuhesabu, jimbo libaki kijivu na jina la anayeongoza liandikwe pembeni pamoja na asilimia ya kura zilizohesabiwa. Rangi kamili ije pale ushindi unapotangazwa na shirika la habari unalolifuata, kwa mfano Associated Press. Juu ya ramani weka saa, kwa saa za Afrika Mashariki.

Kwa Novemba 2026 utakuwa na mabunge mawili. Kwenye Seneti, takribani theluthi moja ya viti 100 ndiyo hugombewa kila miaka miwili, kwa hiyo utahitaji kijivu cha namna mbili: kimoja kwa jimbo lisilo na uchaguzi wa Seneti mwaka huo, kingine kwa jimbo linalohesabu. Vitenganishe vizuri, cha kwanza kipauke hadi kikaribie karatasi, la sivyo watu watasubiri matokeo yasiyokuwepo. Kwa Baraza la Wawakilishi rudi kwenye vigae: viti 435, kigae kimoja kila kiti. Wyoming nzima ni kiti kimoja, wakati jiji la New York lina zaidi ya kumi, na kwenye ramani ya kijiografia hivyo vya jijini hutaviona. Viti vilivyobadilisha chama vizungushie mstari mweusi, rangi yake iwe ya mshindi mpya. Na usitumie tena faili la mipaka la 2024, kwa kuwa Texas na California zilichora upya wilaya zao za Bunge mwaka 2025, na si hizo peke yake. Ofisi ya Sensa ya Marekani hutoa faili za mipaka bure. Kabla ya kulipakua, hakikisha toleo lake ni la wilaya zitakazotumika mwaka huo, jimbo kwa jimbo.